Ua Lililomaliziwa

Mlango tuliouacha ukigongwa ungali unagongwa.

Na Oydin, binti wa pekee wa marehemu Bahrom, angali amepiga magoti chini ya ukuta wa sebule, pindo la suzani mkononi, midomo imemkauka. Waliotufuata tangu mwanzo wanajua alichokiona. Kwa aliyeingia leo nitasema kwa ufupi, kwa kuwa wageni wamesimama kizingitini na Bibi Hojar si mtu wa kuachwa juani.

Suzani ile ya hariri, pambo linalofunika ukuta kuanzia karibu na dari hadi kwenye mito ya kuegemea, ilitariziwa na bibi yake Oydin kwa ajili ya arusi ya mjukuu wake. Kama wafanyavyo watarizi wa Bukhara, mzee yule alimaliza kila ua isipokuwa moja, kwenye pembe ya chini. Nusu ya ua hilo aliiacha tupu, mistari ya kalamu ikionekana juu ya kitambaa. Ukamilifu alimwachia Mola. Na bibi arusi anayeondoka na kazi isiyokwisha, huaminika kwetu, huondoka na neema isiyokwisha. Kulimaliza ua lile kabla ya arusi ni kuifunga neema ndani ya uzi. Hakuna bibi wa Bukhara anayeposa chini ya suzani iliyofungwa.

Sasa ua lilikuwa limejaa. Uzi mpya, mwekundu, unaomeremeta kama rangi ya kucha.

"Shangazi," Oydin alinong'ona, "umefanya nini?"

Shangazi Zulhumor, dada wa marehemu, alikuwa juu ya kigoda akinyoosha mikunjo ya pazia. Mwanamke huyu anauza mapazia mjini Tashkent, na alikuwa amesafiri makusudi kuja kuipendezesha nyumba ya wifi yake.

"Nimelimalizia," alisema bila kugeuka. "Lilikuwa linatia aibu. Chumba kizima kimenyooka, halafu pembeni kuna ua lenye kipara."

"Kipara!" Huyo alikuwa Mastura, mama yake Oydin, ameingia na sinia la lozi na zabibu. Aliliona ua, na sinia likaanza kuimba mikononi mwake. "Wifi, umeniua. Umeniua mchana kweupe, na wageni wangu mlangoni!"

"Sijakuua, wifi. Ungekufa usingepiga kelele hivyo. Nenda kafungue."

"Nifungue nini? Kaburi?"

Mlango uligongwa tena. Safari hii kwa fimbo.

Leo ilikuwa siku ya mkate. Bibi Hojar, nyanya wa kijana Asliddin, alikuwa anakuja kuiona nyumba. Akiridhika, atauinua mkate na kuuvunja mbele ya mashahidi, na Oydin atakuwa ameposwa. Asiporidhika, mkate utarudi kwenye kitambaa ukiwa mzima, na kabla ya adhana ya magharibi mtaa mzima utakuwa umeshajua.

Na Oydin alimtaka Asliddin. Alikwisha kuwakataa wengine kwa adabu, mmoja mmoja, mpaka majirani wakachoka kumwombea. Huyu alipokuja likizoni kutoka kazini kwake Tashkent, akakaa naye kwenye mgahawa wa chai macho ya mama zao yakiwa meza ya pili, moyo wa binti ulikubali kabla kikombe hakijapoa.

"Nitaufumua," Oydin alisema, akitafuta mkasi.

"Utaichana!" mama yake alimzuia. "Kitambaa hicho kikongwe kuliko mimi. Ukivuta uzi mmoja, ua lote linakuja nao."

"Basi tuigeuze juu chini. Pembe iende darini."

"Maua yaote kuelekea ardhini? Ataona kabla hajavua viatu."

Oydin alitazama huku na huku. Kwenye kidaka kikubwa cha ukutani, matandiko ya kukalia yalikuwa yamepangwa kwa unadhifu wa ajabu, mikunjo ikitazama mbele, rangi nyeusi chini na nyepesi juu. Hiyo nayo ilikuwa kazi ya Zulhumor. Oydin aliyakumbatia yote kwa mkupuo mmoja, akayarundika juu ya sanduku la vitu vya arusi, akalisukuma sanduku kwa goti mpaka likasimama mbele ya pembe ile yenye ua.

"Toa!" Zulhumor aliruka kutoka kigodani. "Rundo pembeni hukila chumba. Nimehangaika kukifanya kipumue, na wewe unakiziba pua!"

"Kipumue kesho, shangazi."

"Mmenimezea mwanga wote!"

"Wifi," Mastura alisema kwa sauti ya chini yenye makali, "ukisema tena neno mwanga nitakutoa dirishani uupate wote."

Alikwenda kufungua. Nyuma yake, Zulhumor alikitwaa kioo kirefu kilichokuwa kimeegemezwa chini ya dirisha, akakibeba kifuani mpaka ukuta wa upande wa mlango, akakitundika mkabala na dirisha.

"Angalau hiki," alisema. "Chumba chenye dirisha moja kikipata kioo mbele yake, huwa na madirisha mawili."

Oydin hakuwa na nafasi ya kubishana. Fimbo ilikuwa tayari inagonga mawe ya ua wa ndani.

*

"Assalaamu alaykum."

"Waalaykumu salaam, karibuni, karibuni, mguu wenu na uwe wa heri!"

Bibi Hojar aliingia kama hakimu anayeingia mahakamani, mfupi, mnene, kitambaa cheupe kichwani. Nyuma yake alikuja mkwe wake Saodat, mama wa Asliddin, na mikate miwili ya duara iliyofungwa kwenye kitambaa. Saodat ni mwanamke wa kheri ambaye ulimi wake hufika chumbani kabla yake.

"Mashaallah! Dada Mastura, mmeinua dari?"

"Tumeinua pazia tu," Zulhumor alidakia. "Ukilitundika juu ya dirisha, karibu kabisa na dari, jicho hupanda nalo."

"Na vyombo? Kidaka hiki kilikuwa na vikombe mpaka vinasukumana. Mmeviuza?"

"Viko jikoni. Tumebakiza birika la buluu na vibakuli vyake. Kidaka kikijaa, hakuna kinachoonekana."

"Usikie mama!" Saodat alimgeukia mkwewe. "Na sisi kwetu kidakani tuna maua ya plastiki tangu arusi ya kaka yangu."

"Na saa iliyokufa," alisema Bibi Hojar. "Na picha ya swala asiye na jicho. Kaa chini."

Alipelekwa mahali pa heshima, mbali na mlango, mgongo wake kwenye dirisha. Alipokuwa anapita alitelezesha kidole juu ya ukingo wa kidaka, akakitazama kidole, akakifuta kwenye gauni. Mastura akapumua. Oydin alikuwa amesimama kando ya sanduku, mgongo umenyooka, kana kwamba amepigiliwa misumari kwenye rundo la matandiko.

"Binti, mbona umesimama kama askari wa benki? Njoo ukae."

"Nimeshakaa sana leo, bibi."

"Hm."

Jicho la bibi kikongwe lilizunguka. Likapanda kwenye suzani, likashuka, likatambaa ua kwa ua. Kila mtu aliliona likikaribia pembe ya chini. Likafika kwenye matandiko. Likasimama.

"Kazi ya bibi yako."

"Naam, bibi."

"Namjua mkono wake. Tulikuwa tunagombania uzi mwekundu mmoja, mimi na yeye, tungali wasichana." Akainyoosha fimbo kuelekea rundo. "Kwa nini mmeyaweka matandiko nje ya kidaka?"

Mastura aliinua birika upesi mno. "Chai, mama! Chai isipoe!"

Alimimina. Macho yake yalikuwa kwenye sanduku, na chai ya kijani ikapanda kwenye kibakuli, ikapanda, ikafika ukingoni, ikasimama imevimba.

Kwetu mgeni humiminiwa kidogo, apate kumiminiwa tena na tena. Kibakuli kilichojaa husema: kunywa uondoke.

Bibi Hojar alikitazama. "Mastura. Unanifukuza?"

"Astaghfirullah! Mama, mkono tu! Mkono umeniponyoka, Mola shahidi wangu..."

"Nimekuja na miguu inayouma, nimepanda ngazi zako, na hata sijanywa." Lakini pembe ya mdomo wake ilikuwa imesogea. Alikichukua kibakuli, akaimwaga nusu yake ndani ya birika, akanywa iliyobaki. "Nilipoposewa mimi, mama yangu alimmwagia mkwe wangu mchuzi kwenye paja. Na bado walinichukua. Saodat, lete mkate."

Mastura alifumba macho. Oydin alisikia damu ikirudi vidoleni.

Kitambaa kikatandikwa. Mikate ikawekwa, mmoja juu ya mwingine, ikinukia ufuta. Bibi Hojar alivuta mikono ya gauni, akaishika yote miwili pamoja, akaiinua mbele ya kifua.

"Bismillahi..."

Akainua macho mbele yake. Mbele yake palikuwa na kioo.

Kutoka pale alipokaa, kioo kilimwonyesha chumba kwa upande wa mlango. Kilimwonyesha sanduku kwa ubavu, na ule upenyo kati ya rundo na ukuta ambao mtu aliyekaa asingeuona kamwe kwa macho yake mwenyewe. Jua lilipita begani mwake, likapiga kioo, likaingia ndani ya upenyo ule kama tochi. Na mwisho wa mwanga kitu chekundu kilikuwa kinameremeta.

Bibi Hojar alirudisha mikate kwenye kitambaa. Mizima.

"Binti," alisema, "ondoka hapo."

"Bibi..."

"Ondoka. Saodat, yatoe hayo matandiko."

*

Rundo lilishushwa, tandiko moja baada ya jingine. Bibi Hojar alipiga magoti kwa shida, akalipapasa ua kwa kidole gumba, kisha akalipindua pindo atazame mgongo wa kazi.

"Uzi wa kiwandani," alisema. "Mafundo makubwa kama punje za mahindi. Nani kalifunga ua hili?"

Zulhumor alivuta pumzi. Mastura akamtangulia.

"Mimi, mama."

Oydin aligeuka kumtazama mama yake kwa mshangao.

"Wewe?" Bibi Hojar hakuinuka. "Mama mwenye binti mmoja tu, unaifunga suzani ya binti yako?"

"Sikujua."

"Hukujua! Umezaliwa wapi, Mastura? Moscow? Hata paka wa Bukhara anajua."

"Nilitaka nyumba ionekane nzuri mbele yenu. Kosa ni langu. Msimhukumu mtoto."

Saodat alikuwa ameshaanza kuzikunja kingo za kitambaa cha mkate, polepole, machozi yakimlengalenga. Ncha moja. Ncha ya pili.

"Si kweli," Oydin alisema.

"Nyamaza, mwanangu."

"Sitanyamaza, mama. Siwezi kwenda kwenye nyumba ya watu na uongo wako uwe ndio mzigo wangu wa kwanza." Alipiga magoti kando ya bibi kikongwe. "Bibi, si mama aliyelimaliza. Aliyelimaliza sitamtaja, kwa sababu alidhani anapamba. Lakini tulilificha sote, na mimi ndiye niliyelisukuma sanduku."

"Kwa hiyo unajua kuficha."

"Nimejua leo. Na hata hiyo sikuijua vizuri."

Saodat alitoa sauti iliyokuwa nusu kicheko, akajiziba mdomo.

Bibi Hojar alimgeukia binti. "Niambie. Unaamini kwamba uzi unaweza kuifunga riziki yako?"

Oydin alifikiri. "Riziki iko kwa Aliyeniumba, bibi. Sindano haimpangii. Lakini nusu ya ua hili bibi yangu aliniachia mimi. Alikuwa akinionyesha kwa kidole tangu utotoni: hapa utaendelea wewe. Ndicho kitu cha pekee alichoniachia nikifanye. Na sasa kimefanywa." Akaligusa ua kwa kidole. "Hilo ndilo linaloniuma. Si bahati."

"Leteni sindano," alisema Bibi Hojar. "Na hariri ya zamani, kama haijaliwa na nondo."

Mastura alikimbia. Alirudi na kikapu cha marehemu bibi, ndani yake uzi uliofifia wa rangi ya ganda la komamanga.

"Ua lililofungwa linaweza kutoa mche," alisema bibi. "Anzia kwenye petali ya mwisho. Toka nje ya mstari, uingie kwenye pindo jeupe. Mbele ya macho yangu."

Oydin alitunga uzi, akakosa, akatunga tena. Sindano ikaingia. Chipukizi dogo la rangi hiyo iliyofifia likatoka ubavuni mwa ua jekundu, likajikunja, likashika njia ya kuelekea ukingoni. Jasho lilikuwa linamtiririka hadi kidevuni, na hakuthubutu kulifuta. Pale lilipoanza kuchipua jani, akasimama. Aliliacha jani nusu, akachoma sindano kwenye kitambaa, akakunja mikono.

"Naachia hapa, bibi."

Bibi Hojar alisogeza uso mpaka pua ikakaribia kugusa hariri.

"Umepinda."

"Najua, bibi."

"Mkono mzito kama wa mponda udongo. Ningekuwa bibi yako ningekuchapa." Akashika bega la binti, akajikokota kusimama. "Utanyooka kwangu. Nitakukalisha nami kila alasiri, utake usitake. Saodat! Nani kakwambia ufunge mkate?"

"Hakuna, mama! Sikufunga! Nilikuwa naukinga na nzi!"

Mastura alianza kulia waziwazi, akicheka, akipangusa macho kwa ncha ya ushungi. Bibi Hojar akarudi mahali pake. Ncha za kitambaa zikafunguliwa. Akaishika mikate miwili pamoja, akaiinua.

"Bismillahi Rahmani Rahim. Tumekuja kuona nyumba, na nyumba tumeiona..."

"Usiuvunje."

Wote waligeuka.

Zulhumor alikuwa amesimama chini ya kioo. Uso wake ulikuwa umepauka.

"Wifi," Mastura alisema, bado ana tabasamu, "yameshakwisha. Hakuna aliyekutaja. Kaa unywe chai."

"Hayajakwisha. Na sikuwa napamba." Alimtazama Oydin, si mwingine. "Mwanangu, umenitetea bure. Hata paka wa Bukhara anajua, kasema bibi, na mimi nimezaliwa mtaa huu huu. Nilijua nafanya nini. Nililifunga ua kwa makusudi. Na nyinyi mlipolificha, nikatundika kioo."

"Kwa nini?" Oydin aliuliza. Halikuwa swali, ilikuwa pumzi.

"Ili mkate huu urudi mzima. Nilitaka jambo hili liharibike kwa uzi, lisiharibike kwa ulimi. Kumsema mtoto wa watu ni dhambi nzito, na niliiogopa. Nikasema: bibi ataona ua, ataondoka, hakuna atakayefedheheka ila mtarizi." Akalitazama lile jani nusu. "Lakini umelifungua ua, na sasa sina ila ulimi."

"Sema," alisema Bibi Hojar. Mikono yake ilikuwa bado hewani na mikate ndani yake. "Sema, mwanamke, na ujue unayemsema ni nani."

"Mjukuu wako aliingia dukani kwangu Tashkent, kabla ya Ramadhani. Hakunijua. Mimi nilimjua kwa picha iliyoletwa hapa. Hakuwa peke yake." Zulhumor alizungumza taratibu, kila neno likimgharimu. "Alikuwa na mwanamke kijana, amemshika kiwiko kwenye ngazi kama anavyoshikwa mja mzito. Walichagua kitambaa chepesi cha manjano chenye vifaranga. Nikawauliza ni cha chumba gani, kwa sababu ndiyo kazi yangu kuuliza. Asliddin mwenyewe ndiye aliyejibu."

"Alijibu nini?" Saodat alipiga kelele. "Alijibu nini mwanangu?"

"Alisema: cha chumba cha mtoto."

Hapo ilisikika sauti ndogo, kavu, kama kijiti kikavu kikikanyagwa.

Hata leo wanawake wale hawaafikiani kama Bibi Hojar alikusudia, au ni vidole tu vilivyojikaza kwa ghadhabu. Walichokiona wote ni ufuta ukimwagika juu ya kitambaa cheupe, na mikate ile miwili, mbele ya mashahidi, baada ya jina la Mola kutajwa, ikiwa vipande mikononi mwake.

Mkate umevunjwa. Oydin alikuwa ameposwa.